Hatua Saba Nyuma ya Mheshimiwa

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa tuliambiwa binadamu wote ni sawa, na sote tukapiga makofi. Fundi wa Vipaza alipiga makofi pia, kisha akaenda kupanga vipaza sauti vyake vitatu kwa vyeo. Cha kwanza, chenye kung'aa mpaka unaweza kujitazama meno, alikiita Mheshimiwa. Cha pili, chenye mpini mrefu, kilikuwa Katibu. Cha tatu kilikuwa kizee, kimebonyea upande mmoja, kimevalishwa soksi, na hicho ndicho kilichoitwa Mwananchi. Hakuna aliyemuuliza kwa nini, maana kila mtu alielewa mara moja.

Jina lake mwenyewe sitalitaja, na hata enzi zile hatukulitumia. Alikuwa Fundi, basi. Alikuja na Landrova ya matangazo kutoka mjini kila palipokuwa na mgeni, sikukuu au mashindano, akafunga spika mbili za tarumbeta juu ya gari, akaunganisha betri, na kwa siku hiyo yeye ndiye aliyeamua nani asikike na nani abaki kusogeza midomo. Wakubwa walidhani wao ndio waliokuwa wakiamua mambo ya wilaya. Fundi aliwaacha waendelee kudhani.

Mimi nilikuwa mwanzilishi wa nyimbo katika kikundi cha ngoma cha kijiji chetu, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Ilongero. Mwanzilishi ndiye anayeutoa wimbo, wenzake wakaitikia. Sikuwa na ng'ombe. Mume nilikuwa naye, wa kujivunia ndiye sikuwa naye. Mali yangu ilikuwa sauti, ambayo nikimwita mdogo wangu kutoka mlangoni, wachungaji wa ng'ombe bondeni waligeuka wote. Fundi huyu ndiye aliyenitoa mbele akaniweka hatua saba nyuma, na nilimchukia kwa bidii ambayo ningeipeleka shamba la ushirika ningepewa cheti.

Tuanze na haki yake. Alijua kazi. Nasikia mafundi wa siku hizi humchagulia mwimbaji kipaza kinachoifaa sauti yake. Fundi wetu alikwenda kinyume: alikichagulia kipaza mtu. Angekusimamisha juani, akaweka kiganja mbele ya mdomo wako, akakuambia, "Sema papa hapa, papo hapo." Wewe unasema, yeye anasikiliza kwa kiganja. Kisha anakifuta kwenye suruali na kutoa hukumu. "Huyu ana upepo." "Huyu ananyunyiza." Kuna diwani mmoja alipimwa hivyo, na Fundi akafuta kiganja mara mbili, akasema tu kwamba mwaka ule mvua zimewahi.

Mambo ya upepo hakuyafanyia mzaha. Upepo wa kwetu mnaujua. Mwezi wa saba unaweza kukunyang'anya salamu kabla haijamfikia mtu. Ukiingia kwenye kipaza, spika zinavuma na watu wanasikia dhoruba badala ya risala. Ndiyo maana ya ile soksi. Ilikuwa ya sufu, nzito, aliyofumiwa na muuguzi mmoja wa Kilimatinde. Akina mama tulijiuliza kwa miaka kwa nini muuguzi yule alifuma soksi moja badala ya mbili, na ya pili imebaki wapi. Tulipomuuliza Fundi alisema, "Kipaza kina mguu mmoja," akaendelea kukunja waya.

Lakini usimfanye mtakatifu. Mheshimiwa alisafiri kiti cha mbele, amefungwa kwenye kitambaa cha flana, wakati bwana shamba, mtu mzima mwenye watoto sita, alikaa nyuma na kuku. Nilimwona Fundi kwa macho yangu akimwambia bwana shamba asiweke mkoba kwenye kile kiti, "kina mtu". Wakifika kijijini, Mheshimiwa hakulala stoo ya shule pamoja na nyaya na betri. Alilala nyumbani kwa mwenyekiti wa kijiji, juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma. Fundi mwenyewe alilala stoo.

Na jambo lililotuchekesha zaidi: yeye binafsi hakuwa na sauti. Alinong'ona. Ukitaka kumsikia ilibidi uiname kana kwamba unapokea siri, na alichokuambia ni "sogeza hiyo ndoo". Nyumbani kwake hakuweka redio. Mwalimu wetu mkuu alimuuliza sababu, Fundi akanong'ona kwamba daktari wa meno akirudi nyumbani hang'oi meno ya watoto.

Alikuwa na semi zake. "Kipaza hakiongezi akili, kinaongeza sauti." Hiyo aliisema akiwa anamfungia kipaza mgeni aliyekuwa amesimama palepale, na mgeni akaitikia kwa kichwa, akidhani anasemwa mwenzake. Kuhusu hotuba ndefu alisema betri ndiyo mjumbe pekee mwenye ujasiri wa kumwambia mkubwa akae. Ni kweli. Nilishuhudia mgeni akifika saa ya tatu ya kueleza faida za kilimo cha kisasa kwa watu ambao alizeti yao ilikuwa inaliwa na ndege muda huohuo, na sauti ikaanza kufifia, ikafifia, mpaka tukabaki na mkono unaopepea. Fundi alikaa kivulini kando ya gari akiitazama betri kwa mapenzi.

Sasa nieleze jinsi nilivyorudishwa nyuma, maana ndilo lililonifanya nimtazame mtu huyu kwa karibu kuliko alivyostahili.

Mwaka ule yalitangazwa mashindano ya ngoma, na kikundi kitakachoshinda kingekwenda Dar es Salaam kuimba mbele ya taifa. Mimi Dar es Salaam nilikuwa naijua kwa kuambiwa. Nilitaka kwenda. Nilitaka kitu kimoja tu maishani, watu wasionijua wanisikie, na nilikuwa nimeshaamua hata khanga nitakayovaa. Fundi akafika siku moja kabla ya mashindano, akatupima kwa kiganja mmoja mmoja. Alipofika kwangu nikasema papa hapa, papo hapo. Kiganja akakirudisha nyuma. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Akarudi nyuma yeye mzima.

"Dada," akanong'ona, "wewe huna haja na kipaza. Ukisimama karibu na Mheshimiwa utampasua."

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa hapo akisikiliza, na mwenyekiti wetu hakuwahi kuiacha nafasi ipite bure. Alikuwa na binti, mwenzangu wa rika, msichana mzuri, mpole, mwenye sauti ya kuombea chumvi kwa jirani. "Basi kipaza apewe mwenye haja nacho," akasema mwenyekiti. "Binti yangu atasimama mbele. Wewe utaimba naye kwa nyuma, umsaidie maneno." Maana maneno yenyewe binti alikuwa hayajui. Nikamtazama Fundi aseme neno. Fundi akaafiki kwa kichwa, akaenda kukunja waya.

Kesho yake alfajiri, kana kwamba haijatosha, mwenyekiti akanituma kazi. Mgeni anatoka mkoani, Mheshimiwa amelala mezani ana vumbi la njia nzima, haiwezekani mtu mkubwa aseme kwenye kitu kichafu. "Kisafishe kabla Fundi hajaja." Mimi ni mwanamke wa Kinyaturu, najua kusafisha. Nilikiosha kama tunavyoosha sufuria: majivu, mchanga laini na gunzi la mahindi. Na kwa hasira niliyokuwa nayo nilikisugua mpaka ndani ya vile vitundu, nikamimina maji, nikakitikisa mpaka yakatoka masafi. Nikakianika kwenye kichanja cha vyombo, kati ya sufuria na bakuli la uji. Kiling'aa, nakuambia. Mwenyekiti alinisifu mbele ya watu.

Fundi alipokuja alikichukua kichanjani. Akakipuliza. Akajifuta midomo. Akaitazama mikono yangu, bado ina majivu mpaka kwenye viwiko. Kisha akamtazama mwenyekiti, aliyekuwa anatabasamu. "Kimetakata," akanong'ona, na kikaenda kwenye mguu wake pale mbele.

Ndipo alipofanya lile. Akahesabu hatua saba kutoka kwa Mheshimiwa kwenda nyuma, na kwa kisigino cha kiatu akachora mstari vumbini. Kando ya mstari akasimika nguzo, akafunga juu yake yule Mwananchi na soksi yake. "Hiki ni cha ngoma," akamwambia mwenyekiti. Kisha kwangu: "Wewe, hapa. Usisogee mbele hata unyayo. Uso wako uelekee nguzo." Hivyo ndivyo nilivyoimba mashindano ya maisha yangu, nikiitazama soksi.

Tulishinda. Huko mbele spika zilielekezwa kwa watu, sisi tuliokuwa nyuma yake katikati ya ngoma hatukusikia kitu, lakini tuliwaona watu wakisimama. Waliinuka kuanzia safu ya kwanza mpaka wale waliokaa juu ya ukuta. Walimbeba binti wa mwenyekiti juu juu. Wazee walisema sauti kama ile haijapata kutoka kijiji chetu. Na mimi, kwa kuwa sina kinyongo, nilipiga makofi.

Gari la Dar es Salaam lilikuwa na nafasi chache. Wa nyuma tukabaki. Walirudi baada ya wiki mbili, binti wa mwenyekiti amejifunga kitambaa shingoni. Aliposimama mbele ya kipaza cha kule, sauti ikatoka ndogo, wakadhani kipaza kibovu, wakaleta kingine, ikatoka ndogo zaidi. Kikundi chetu kiliondolewa jukwaani kabla ya wimbo wa pili. Alisema ni hewa ya bahari, imemkaba. Nilimhurumia. Nilimpelekea kibuyu cha asali ya nyuki wadogo, ambayo si rahisi kuipata, anywe kila asubuhi. Na kweli, sikukuu iliyofuata hapa nyumbani, Fundi akiwa na mitambo yake, sauti ikamrudia kama zamani. Aliniambia ni asali yangu. Nilijivunia sana asali ile.

Ikawa ndio utaratibu. Miaka kumi na zaidi, kila sikukuu, Fundi anahesabu hatua saba, anachora mstari, ananiweka mbele ya soksi. Nilijaribu siku moja kusogea. Alisimamisha ngoma, mtu asiyepaza sauti akasimamisha ngoma nzima kwa kidole, akanirudisha mstarini mbele ya wakwe zangu. Siku hiyo nilimwombea mabaya, na niliyataja moja moja.

Soksi yenyewe ilikuwa na hadhi yake. Wakati wa hotuba Fundi aliishusha na kipaza chake kutoka nguzoni, akaifunga chini ya Mheshimiwa kwa uzi. Mgeni mmoja alikasirika. "Kwa nini nizungumze juu ya soksi?" Fundi akasema ni ya akiba. Akaambiwa aiondoe, akaiondoa, na sauti ya mgeni ikakatika palepale. Akaambiwa airudishe, akairudisha, na sauti ikarudi. Yule mkubwa aliitazama soksi kwa muda mrefu. Tangu hapo kila alipokuja kwetu aliuliza kwanza kama soksi ipo, na watu wakaanza kusema Fundi ana dawa. Hata mama mkwe wangu, mwanamke wa sala tano, alikuwa akipita mbali na Landrova.

Kisha mambo yakabadilika, kikundi kikafa, Landrova ikaoza, na Fundi tukamsahau. Mimi sikumsahau.

Miaka mingi baadaye nilimkuta kijijini Mwankoko. Nilikwenda kununua vifaranga, nikaelekezwa kwa mzee mmoja mwenye kuku wa kienyeji nyuma ya shamba la alizeti, na mzee huyo ndiye yeye. Amekunjika, macho yana ukungu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Yule wa hatua saba."

Akacheka bila sauti, kama kawaida yake, akaniletea kigoda. Vifaranga nikaviacha kwanza. Nikamwambia nimekuja na swali moja, nimelibeba mpaka nimekuwa bibi, na sasa linanichosha. "Nilikukosea nini?"

Aliingia ndani, akakaa kidogo, akatoka na kitu kimefungwa kwenye flana. Mheshimiwa. Bado kinang'aa. Akafungua kichwa cha kipaza kwa bisibisi, akakigonga kwenye kisahani cha chai. Yakaanguka majivu. Makavu, ya kijivu, na ndani yake kipande cha gunzi kama ukucha.

"Ni ya kwako hayo," akasema.

Nikatazama kisahani.

"Siku ile nilipopuliza yalinirudia mdomoni. Kilikuwa kimekufa, mama. Hakikusema tena mpaka leo. Kilisimama pale mbele kwa sababu wakubwa hawakukubali kusimama bila hicho."

"Na hotuba?"

"Soksi."

"Na nyimbo?"

"Soksi pia. Nguzo ile." Akayasogeza majivu kwa kidole. "Watu walikuwa wanakusikia wewe. Tangu siku ya mashindano mpaka siku ya mwisho. Yule mtoto wa watu alikuwa anaimba ndani ya sufuria uliyoiosha."

Nikawaona wale watu wakisimama, safu kwa safu, mpaka wale wa ukutani. Walinisimamia mimi, na mimi nikapiga makofi kumpongeza mwingine.

"Nilimpelekea asali, Fundi."

"Najua. Alinionjesha. Ilikuwa asali nzuri."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kilikuwa mali ya serikali. Kijana wa kijiji cha jirani alivunja mpini wa pampu ya maji, akaitwa mhujumu, akalala rumande mwezi mzima. Mwenyekiti aliyekutuma angekukana kabla sijamaliza sentensi. Nilipaswa kukuambia jioni ile?" Akaniinamia, macho yake yale ya ukungu yakinitafuta. "Kwa sauti ile? Usiku wangejua kijijini, asubuhi wangejua Ilongero, mchana ungekuwa ndani."

Nilikasirika, na nilimshukuru, na sikujua lipi litangulie. Nililia pia, sioni aibu kusema. Mtu huyu alininyang'anya jina akaniachia uhuru wangu na sauti yangu, na hakuniuliza ningechagua kipi. Miaka yote alikula chuki yangu kimyakimya, na bado angenirudisha mstarini ningesogea hata leo.

"Na kama ningesimama mbele siku ile?" nikamuuliza.

"Ungeimba kwenye kitu kilichokufa. Ulikiua mwenyewe." Akafunga kichwa cha Mheshimiwa taratibu, akakifuta. "Wewe nilikuweka kwenye kizima."

Nilinunua vifaranga sita. Wakati wa kuagana aliuliza kwa ule mnong'ono wake, "Utamwambia yule mwenzako?" Nikamwambia avishike vizuri vifaranga asije akaviangusha.

Jioni binti wa mwenyekiti alikuja kwangu, maana ni jirani, naye sasa ni bibi wa magoti mabovu, kaja na wajukuu, kaleta mlenda. Tukakaa tukichambua. Mjukuu wake alikuwa kwenye kwaya, na yeye akawa anamsema kwamba hajachukua kitu kwa bibi yake. Kisha akanigusa goti.

"Wewe ndiye uliyekuwepo," akasema. "Waambie hawa watoto. Sauti yangu ilikuwaje?"

Mkono wangu ukasimama ndani ya mlenda. Hasira ilikuwepo, sitadanganya, na maneno yalikuwepo, nayo yangefika Ilongero bila spika. Nikamtazama, kitambaa bado anakifunga shingoni siku za baridi, kwa ajili ya ile hewa ya bahari.

Nikawaambia watoto ilikuwa sauti nzuri sana, na kwamba watu walisimama wote, mpaka wale wa ukutani.